Mama Nyufa: Miaka Yangu ya Kugonga Kuta za Watu Uvira

Mtu wa kwanza kuniuliza kazi yangu ni nini alinikuta nimelala kifudifudi katika uwanja wa nyumba aliyokuwa akiihama, kule Nyamianda, shavu langu likigusa udongo. Nilikuwa naangalia mahali ukuta unapokutana na ardhi. Mama huyo alitoka na beseni la nguo mbichi, akaniona, akapiga kelele zilizowaita majirani wa pande zote mbili. Alidhani nimekufa.

“Minye niko mzima, Mama,” nikamwambia bila kuinuka. “Ninaangalia nyumba.”

“Unaangalia nyumba na shavu?”

Majirani walicheka, nami nikacheka, na kuanzia siku hiyo watoto wa mtaa ule wakaniita Mama Nyufa. Jina limenishika hadi leo. Hata kanisani, mchungaji akitaka nifunge ibada kwa maombi, huniita hivyo kwanza, halafu hujisahihisha.

Ninyi mnaofanya kazi hii sasa, wanawake kwa wanaume, mmeniomba niandike nilivyoianza, na hasa niseme mtu anapata faida gani akijitegemea badala ya kuajiriwa kwenye shantie ya mwenzake, yaani ujenzi wa mtu mwingine. Nimestaafu majuzi tu. Magoti yangu yaliamua kabla yangu. Sasa nina muda. Baba Sifa, mume wangu, anasema nina muda kupita kiasi, kwa sababu siku hizi nakagua nyumba yetu wenyewe, na yeye ndiye anayesogeza makabati.

Nilianza kwa kubeba mchanga. Wakati ule wanawake wengi wa kwetu Rugenge tulikuwa tunashuka asubuhi mtoni Mulongwe, tunajaza mabeseni, tunapeleka mchanga na mawe popote palipokuwa na mtu anajenga. Shingo iliuma, lakini midomo ilikuwa huru, na sijapata kucheka tena kama tulivyocheka njia ile. Siku moja nilimwaga beseni langu mbele ya masoni, fundi mwashi mrefu, mwenye suruali iliyojaa sima ya saruji iliyokauka hadi ingeweza kusimama bila yeye. Huyo alikuwa Papa Bulambo, mtu wa Makobola. Alichota mchanga wangu kiganjani, akaufinya, akaufungua mkono kuona kama umeacha matope.

“Huu umetoa wapi?”

“Juu ya daraja, Papa. Kule chini uko na udongo mingi.”

“Nani alikuambia?”

“Niliona tu. Ukikauka unapasuka.”

Aliniangalia, akaangalia wanaume waliokuwa wakimchanganyia sima, akasema, “Kesho usikuje na beseni.” Nilidhani amenifukuza. Nikalia njia nzima. Kesho yake nilipita pale na beseni langu hivyo hivyo, kwa kiburi tu, nipeleke mchanga kwa mtu mwingine, naye akapiga mluzi kutoka juu ya ukuta: “Weye! Nimekungoja tangu asubuhi!”

Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa kubomoa. Nyuma ya shantie palikuwa na ukuta wa choo uliovimba tumbo, wa fundi mwingine, na Papa Bulambo akaniambia niuondoe tofali moja moja, nisipige, nisisukume, na kila nikitoa tofali nimweleze kwa nini liliteleza. Nilichukia kazi ile. Jioni nikaanza kuipenda. Chini kabisa nikakuta mzizi wa mwembe mnene kama mkono wangu, umejipenyeza taratibu chini ya fondasio, msingi wenyewe, na kuuinua ukuta mzima kama mama anayeinua mtoto aliyelala. Nilimwita Papa Bulambo mbio. Alikuja, akachuchumaa, akafurahi kuliko mimi. Ndivyo alivyokuwa: kosa la nyumba lilimfurahisha kama wengine wanavyofurahia mpira.

Nilikaa naye miaka mingi, nikawa masoni kamili, halafu nikafanya kazi kwa wakubwa wa shantie wengine. Sitaieleza sana miaka hiyo. Nilijenga, nilipaka, nilipanda ngazi, nilishuka. Kitu kilichonichosha hakikuwa uzito. Kilikuwa kuambiwa, “Paka tu, Mama, funika, mwenye nyumba anakuja kesho.” Nafunika. Ukuta mbichi, nafunika. Ufa, nafunika. Halafu mwenye nyumba anakuja na watoto wake wamevaa nguo za Jumapili, wanazunguka vyumbani wanashangilia, nami nimesimama kando na mwiko wangu, nikitabasamu kwa meno tu.

Njia ya kutokea ilifunguliwa na shemeji yangu, mdogo wa Baba Sifa, bila yeye kujua. Alitaka kupanga nyumba na mke wake mpya, akaniomba tufuatane kwa sababu, alisema, mimi nazijua kuta. Nyumba ilikuwa nzuri usoni. Ila mlango wa chumba ulifungika kwa teke tu, na juu ya dirisha ufa ulipanda kwa mshazari, nikaingiza ukucha wangu wote. Nikamwambia aiache. Mke wake alinuna njia yote ya kurudi. Rangi ya sebule ilikuwa imemwingia moyoni. Mvua za kwanza zilipopiga, ukuta wa upande ule ukalala uwanjani. Bahati nzuri hapakuwa na mtu ndani. Jioni ile ile bibi-harusi wetu alikuja kwangu na kuku, na kabla kuku hajaisha kuliwa, tayari mtu mwingine alikuwa mlangoni akiuliza kama ndipo anapokaa yule mama anayesikia nyumba.

Niliaga shantie. Sitaficha kwamba niliogopa. Katika mji wetu watu walijua masoni, walijua seremala, walijua komisioneri anayekutafutia nyumba. Mtu wa kuja kuiangalia tu, asijenge kitu, asiuze kitu, walimwona kama mtu wa kuja kula. Wiki za kwanza nilikaa kibarazani nimevaa viatu, nikingoja kuitwa. Baba Sifa, ambaye ni fundi cherehani na hutuliza kila jambo kwa kulishona, alinishonea mfuko wa turubai wa kuwekea vyombo. Akasema, “Sasa uko na biro,” yaani ofisi.

Mnaniuliza kila mara kuhusu vyombo. Nyundo yangu ilikuwa ya fundi viatu, ndogo, yenye kichwa cha mviringo, kwa sababu nyundo ya masoni inavunja mahali unapotaka kusikiliza. Plasta iliyoshika vizuri inajibu kavu, tok, tok. Ikiwa imeachana na ukuta inasema bu, kama mtu aliyejaza maji mdomoni. Nilikuwa na kamba yenye jiwe la kupima wima, nivo ya zamani, yaani pimamaji, tochi, na kitambaa cha kulalia baada ya aibu ya Nyamianda. Nilibeba vipande vya kioo pia: unakibandika kipande juu ya ufa kwa sima kidogo, unaondoka, unarudi baada ya siku kadhaa. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea. Chombo kingine ni pua. Chumba kilichopakwa rangi mpya kikinuka kama kisima, usiongee kwanza, ondoa kabati.

Na kabla ya nyumba yenyewe, panda juu. Hapa kwetu milima iko mgongoni na ziwa liko miguuni, na maji yote hayana njia nyingine ila kupita katikati yetu. Mimi sikuingia katika nyumba kabla ya kuzunguka majirani wa upande wa mlima na kuwauliza mvua ikinyesha maji yao yanakwenda wapi. Wengine walinijibu kwa mkono tu: wananionyesha nyumba niliyokuja kuikagua.

Upande wa ziwa palikuwa na vichekesho vyake. Miaka ile ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za kando, wengine walihama na wengine wakaamua kuuza. Niliitwa na mama mmoja muuza ndakala, dagaa wa ziwani kwetu, aliyetaka nyumba karibu na pwani, apate kuanika samaki zake bila kutembea. Mwenye nyumba alitupokea vizuri, akatupa soda. Sebuleni nikaona kitu cha ajabu: picha zake zote, za harusi, za ubatizo, kalenda mbili, hata saa ya ukutani, zilikuwa zimetundikwa chini, usawa wa magoti.

“Papa,” nikamwuliza, “kwa nini saa iko kule chini?”

“Batoto bapate kuiona.”

“Na ndoa yako?”

Akasogeza soda yangu karibu. Nikainama, nikaomba ruhusa, nikaondoa bibi-harusi na bwana-harusi. Nyuma yao mstari wa maji ulipita ukutani ukiwa wa kahawia, umenyooka kuliko nivo yoyote niliyowahi kushika. Mzee mwenyewe alianza kucheka kwanza. Alicheka hadi akaketi. Mama wa ndakala hakununua, lakini walikubaliana awe anaanika samaki pale uwanjani, na mpaka leo wanasalimiana kama ndugu.

Hii ni faida moja ambayo sikuitegemea nilipoacha shantie: nilianza kuwajua watu. Kwenye ajira nilijua ukuta na mkubwa wa kazi. Nilipojitegemea niliingia jikoni kwa watu, vyumbani, juu ya dari zao. Nilijua nani anafuga njiwa, nani anahifadhi ngoma ya babu yake karibu na bati. Niliwahi kufumaniwa na nyuki darini nikashuka ngazi bila kutumia ngazi. Asubuhi nilipotaka nilipita pwani kununua samaki wa mikeke kabla ya kazi. Alhamisi sikuchukua kazi ya mchana kwa sababu ya mazoezi ya kwaya, na hapakuwa na wa kuniuliza. Lakini kilichonipa usingizi mzuri kilikuwa kingine. Nilimfanyia kazi mtu mmoja tu, yule atakayelala mle ndani. Makomisioneri walijaribu. “Mama Nyufa, sema tu iko muzuri, sisi wote tutakula.” Nilikuwa nawaambia wanitafutie kitu kizuri, nami nitakisifu kwa sauti ya kwaya. Baadhi yao walijifunza. Wakaanza kuniita mapema, wao wenyewe, kabla hawajamwonyesha mteja nyumba.

Hakuna siku iliyonijaribu kama ile ya nyumba ya Rugenge.

Ilikuwa kiangazi. Mama mmoja alikuja kwangu, mwembamba, amejifunga kitambaa vizuri, anaitwa Mama Naomi. Alikuwa ameshuka kutoka milima ya juu, kule Plato, ili watoto wake wanne wasome mjini. Mume wake alibaki huko na mifugo. Walikuwa wameuza sehemu kubwa ya ng’ombe wao wapate nyumba, kwa sababu mahali walipopanga mvua ilinyesha ndani kama nje, na mtoto wa pili alikuwa anakohoa. Komisioneri alikuwa amewapatia nyumba nzuri. Mama Naomi alikaa kwenye kiti changu, akaweka mikono magotini.

“Minye ninajua ng’ombe,” akaniambia. “Ng’ombe ninamufungua mudomo, ninaona meno, ninajua. Nyumba, sijue meno yake iko wapi.”

“Ninajua mahali iko,” nikamjibu. “Twende.”

Tulipofika, nilimwona mzee amekaa kwenye benchi karibu na mlango, amevaa kofia ya sufu katika jua lile. Nikasalimu. Akainua uso haraka. Macho yake yalikuwa meupe kama maji ya mchele.

“Hiyo sauti ni ya weye,” akasema Papa Bulambo.

Sikujua. Komisioneri alikuwa ametaja nyumba, hakutaja mwenye nyumba. Tulikumbatiana mpaka kofia yake ikaanguka. Ilikuwa nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mikono yake baada ya mimi kuondoka kwake, macho yake yakiwa bado mazima, na sasa alitaka kuiuza arudi Makobola akaishi na dada yake, asikie ziwa. Feruzi, kijana wake mkubwa, mwenye pikipiki ya kubeba abiria, ndiye aliyeshughulikia kila kitu. Alikuwa amepaka nyumba nzima rangi ya bluu.

“Kama ni weye unaangalia, basi niko na amani,” mzee akasema. Akamgeukia Mama Naomi. “Huyu nilimufundisha minye.”

Komisioneri akasugua mikono yake kwa furaha.

Nilianza kazi na moyo mwepesi. Nilipanda darini nikakaa kule kuliko ilivyohitajika, kwa sababu sharpante ile, mbao zote za paa, ilikuwa nzuri kama wimbo: hakuna mchwa, hakuna msumari uliopinda, manjanja, yaani mabati, yamelala sawa. Nikagonga sebule, tok, tok. Vyumba viwili vya mbele, tok. Mama Naomi alinifuata akihesabu vitanda kwa macho. Tukafika chumba cha nyuma, upande wa mlima, alichosema kitakuwa cha watoto. Mlango wake ulifungika vizuri, lakini ukingo wa juu ulikuwa mbao nyeupe, umerandwa karibuni. Nikasimama. Mlango hauongezeki urefu wenyewe; ukirandwa juu, ukuta ndio umeshuka. Kwenye kona palikuwa na kabati. Nikaomba Feruzi anisaidie kulisogeza, naye akasema ni zito. Nikalisogeza na Mama Naomi.

Nikagonga. Bu.

Nikagonga juu yake. Bu. Mkono wangu ukashuka wenyewe. Nje, kupitia dirishani, nilimsikia Papa Bulambo akimweleza komisioneri jinsi alivyochagua kila jiwe la nyumba hii kule mtoni.

Nitawaambia ukweli jinsi nilivyowaza, kwa sababu nanyi mtafika hapo siku moja. Niliwaza kumvuta Mama Naomi barabarani na kumnong’oneza tu asinunue, niondoke, mzee abaki na heshima yake. Lakini komisioneri angemleta mtu mwingine kesho, na mtu huyo naye angeweka vitanda vya watoto kwenye kona hii. Na Papa Bulambo angemaliza siku zake akijisifu kwa ukuta uliokuwa unakufa. Sikuona heshima katika hilo. Nikatoka, nikamshika mkono.

“Papa, njoo uguse kitu.”

“Mama, muache, muzee amechoka,” Feruzi akasema upesi.

Nilimwongoza hadi kwenye kona. Akaweka kiganja ukutani, akakitembeza juu chini, polepole, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Kila masoni ana namna yake ya kuvuta mwiko, na mkono uliofanya kazi hiyo miaka yote unaisoma bila macho. Mkono wake ukafika kwenye plasta mpya, ukasimama.

“Hii si mukono yangu,” akasema.

Akageuza uso kutafuta alipo kijana wake.

“Feruzi. Ni nani alipaka hapa?”

“Ni minye, Papa. Kulikuwa ufa. Kadogo tu.”

“Mbona hukuniambia?”

Feruzi ni mwanamume mkubwa, ana watoto. Alisimama pale akichezea funguo za pikipiki. “Ungesikia uchungu,” akasema. “Nyumba hii ndiyo unasemaka kila siku. Nilipenda uondoke na furaha.”

Mzee aliondoa kiganja ukutani. Halafu akasema, “Leta jembe.”

Tulichimba kwa nje, kwenye kona ile. Haikuchukua muda. Jirani wa juu alikuwa amejenga jiko jipya, na maji ya paa lake yote yalikuwa yanamwagika kwenye mfereji uliovunjika, yanapita chini ya ua, yanakuja moja kwa moja hapa. Msimu baada ya msimu yalikuwa yamekula udongo chini ya fondasio. Kona nzima ya nyumba ilikuwa imesimama juu ya uwazi. Papa Bulambo akauliza ni mkubwa kiasi gani. Nikamwambia aangalie mwenyewe. Akalala chini kifudifudi, na kofia yake ya sufu, akaingiza mkono mpaka begani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Naomi akanishika kanga, tulidhani analia.

Alikuwa anacheka.

“Haya maji yako na akili!” akasema, mdomo umejaa vumbi. “Yamepita mahali kusiko muntu wa kuangalia!” Akacheka tena, kicheko kile kile cha siku ya mzizi wa mwembe. Tulipomwinua, akajipangusa, akatafuta upande aliko Mama Naomi. “Mama, usinunue hii nyumba.”

Komisioneri akafunika uso. “Mama Nyufa, umeniua,” akanong’ona.

“Kwa hiyo nyumba imekufa?” Mama Naomi akauliza.

“Hapana,” nikamwambia. “Haikufa. Iko mugonjwa ya muguu.”

Akafikiri. Akaizunguka nyumba yote peke yake, akagonga mahali kadhaa kwa kifundo cha kidole, kama alivyoniona. Akarudi. “Muguu ya ng’ombe tunatibia,” akasema. “Mutibie na hii. Minye nitangoja. Muuzaji mwenye kuniambia nisinunue, nitamupata wapi tena?”

Basi tukaitibu. Nilimweleza Mama Naomi wazi kwamba mimi nabaki upande wake: Feruzi atachimba na kujenga, baba yake ataamuru, nami nitapima na kukataa kinachostahili kukataliwa. Nilikataa mara nyingi. Ukitibu fondasio namna hiyo huchimbi kote kwa pamoja, nyumba itakuja juu yako. Unachimba sehemu fupi, unajaza mawe na sima, unaacha ikauke, ndipo unaruka na kuchimba nyingine. Papa Bulambo aliketi kwenye kiti uwanjani, akisikiliza mlio wa mwiko. “Feruzi, hiyo sima iko na maji mingi.” “Papa, umejuaje?” “Inalia kama uji.” Kila siku Mama Naomi alikuja na maziwa ya mgando, akakaa kwenye benchi, akaangalia. Jirani wa juu aliitwa, akaja amekasirika, akaonyeshwa shimo, akaondoka amenyamaza. Kesho yake akatengeneza mfereji wake na kutusaidia kupanga mawe ya njia mpya ya maji. Sijapata kufanya kazi yenye kelele nyingi na ugomvi mdogo kama ile. Mwishoni Feruzi alipasua plasta yake ya zamani kwa nyundo, yeye mwenyewe, kisha akapaka upya, na baba yake akapitisha kiganja akasema, “Hii bado si mukono yangu. Lakini sasa ni mukono.”

Nikaikagua nyumba nzima tena tangu mwanzo, kama ya mtu nisiyemjua. Nikamwambia Mama Naomi, nunua. Akanunua. Mzee akapandishwa pikipiki ya kijana wake na kupelekwa Makobola, amekumbatia nivo yake kifuani.

Mvua kubwa ya kwanza ya msimu ule ilianza alfajiri. Hapa kwetu unaisikia kwanza milimani, kama lori linaloteremka bila breki, halafu inafika. Nililala nikiisikiliza kwenye bati, nikashindwa kuvumilia. Baba Sifa akasema ile nyumba umeipima mara mbili, lala. Nikavaa buti zake, nikachukua mwavuli, nikatoka. Barabara ilikuwa tayari mto. Nilipofika nyumba ya bluu, nilikuta pikipiki imeegemezwa uani, na Feruzi amejikunyata chini ya ukingo wa paa, meno yanagongana.

“Usiniulize minye,” akasema. “Nililala kwake Makobola, akaniamusha. Uliza yeye.”

Nikazunguka nyuma. Papa Bulambo alikuwa amesimama kwenye ile kona, amejifunika turubai, anasikiliza maji yakipita katika njia ya mawe.

“Papa! Umetoka Makobola na hii mvua?”

“Na weye umetoka kwa kitanda kwa sababu gani?”

Dirisha la juu yetu likafunguliwa. Mama Naomi alitoa kichwa, akatuona, mzee na mwanamke mzima, wameloa kama vifaranga, wamebandika mikono ukutani kwake. Alicheka hadi akashindwa kusema. Akatuashiria tuingie, kidole mdomoni, kwa kuwa watoto walikuwa bado wamelala.

Tuliingia kwa miguu mitupu. Chai ya maziwa ilikuwa jikoni, lakini Papa Bulambo hakutaka chai. Nilimpitisha katikati ya vitanda mpaka kwenye kona, na akaweka kiganja chake ukutani, chini, kisha juu. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Naomi, mtoto mkubwa, akafungua jicho moja.

“Babu, unatafuta nini?”

“Maji.”

“Iko?”

“Haiko.”

Mtoto akageukia ukuta, akarudi kulala.